Jinsi ya Kulipia Upandikizaji wa Figo kwa Bima ya Serikali Nchini Marekani

Figo zikishindwa kabisa kufanya kazi, mgonjwa anayeishi Marekani hubakiwa na njia mbili: kusafishwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki kituoni au kila siku nyumbani, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Tangu tarehe 1 Julai 1973, kwa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, bima ya serikali kuu iitwayo Medicare, ambayo watu wengi wanaijua kuwa ya wazee wa miaka 65 na kuendelea, hugharimia njia zote mbili kwa mgonjwa wa umri wowote, hata mtoto mdogo, ilimradi yeye au mzazi wake au mwenzi wake wa ndoa awe na historia ya kazi inayotakiwa. Hakuna kiungo kingine kilichopewa nafasi hiyo. Mgonjwa wa ini, moyo au mapafu ambaye hajafika miaka 65 huipata Medicare baada ya kustahili mafao ya ulemavu kwa miezi 24, na hadi hapo hutegemea bima ya kazini au Medicaid, yaani bima ya watu wa kipato kidogo, ya jimbo lake.

Kwa hiyo mwongozo huu unahusu figo, na unawalenga ndugu zetu waliotoka Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya na kwingineko wanaoishi Marekani na kuzungumza Kiswahili nyumbani. Upasuaji wenyewe ndio sehemu iliyo rahisi kulipiwa. Watu wetu huumizwa na tarehe: Sehemu A ya bima (ya hospitali) ambayo haikuwepo siku ya upasuaji, Sehemu B (ya madaktari na dawa za kulinda figo) iliyokataliwa kwa sababu ada yake ilionekana kubwa, na mwezi wa 36 baada ya upandikizaji, bima inapokoma, uliofika wakati hakuna aliyekuwa akihesabu. Figo iliyopatikana kwa taabu inaweza kufa kwa kukosa vidonge, na vidonge vikakosekana kwa sababu ya karatasi.

Nani anastahili

Historia ya kazi hupimwa kwa pointi zinazotunzwa na ofisi ya Social Security. Mwaka 2025, kila dola 1,810 za mshahara uliokatwa kodi zilimpa mfanyakazi pointi moja, na hakuna anayepata zaidi ya pointi nne kwa mwaka. Mtu anayetafuta Medicare ya uzeeni huhitaji pointi 40, yaani kazi ya miaka kumi, na idadi hiyo ndiyo inayowakatisha tamaa wageni wengi hata wasiulize. Kwa mgonjwa wa figo sharti ni jepesi zaidi. Pointi sita zilizopatikana ndani ya miaka mitatu na robo iliyopita zinatosha, maana yake takriban mwaka mmoja na nusu wa kazi rasmi. Baba aliyefanya kazi ya kiwandani kwa miaka miwili anaweza kustahili, na kwa pointi zake hizo hizo mkewe na watoto wanaomtegemea wanaweza kustahili pia iwapo mmoja wao ndiye mgonjwa. Asikubali mtu kuambiwa na jirani kwamba hana haki kwa kuwa hajafikisha miaka kumi. Aende kuuliza ofisini rekodi yake inaonyesha nini.

Suala la hadhi ya uhamiaji limebadilika, na mabadiliko hayo yanawagusa wakimbizi moja kwa moja. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imeibana Medicare ibaki kwa raia, wenye Green Card, na makundi machache mengine ambayo hayawajumuishi wakimbizi wala waliopewa hifadhi. Waliokuwa tayari ndani ya bima kwa hadhi ya ukimbizi wataondolewa ifikapo tarehe 4 Januari 2027 ikiwa hawajabadilisha hadhi yao. Medicaid nayo imewekewa mipaka inayofanana kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba Green Card akishatimiza mwaka mmoja nchini, na wengi huchelewesha ombi hilo kwa kuwa maisha yanaendelea bila hiyo kadi. Kwa familia yenye mgonjwa wa figo, ombi hilo sasa ni sehemu ya matibabu. Litangulizwe kabla ya mambo mengine yote, kwa msaada wa shirika lililowapokea au wakili wa uhamiaji anayetoa huduma bure. Kwa asiye na hati kabisa, Medicare haipo. Majimbo machache, Illinois likiwemo, yana utaratibu wao wa kulipia, na ofisa ustawi wa jamii wa kituo cha kusafishia damu ndiye wa kuulizwa.

Kuomba, na kosa la fomu moja

Kituo chochote cha kusafishia damu kinachopokea Medicare kinatakiwa kuwa na ofisa ustawi wa jamii. Katika majuma ya mwanzo ataleta fomu yenye namba CMS-2728, daktari ataisaini na mgonjwa ataisaini. Fomu hiyo inathibitisha kwamba figo zimekufa, basi. Si maombi ya bima. Mgonjwa akishaisaini huona ameandikishwa, hurudi nyumbani kusubiri kadi, na miezi inapita. Maombi yenyewe hufanywa Social Security, kwa kupiga simu 1-800-772-1213 au kwenda ofisini, na mwombaji anapaswa kutamka wazi kwamba anaomba Medicare kwa sababu ya ugonjwa wa figo wa hatua ya mwisho, na kwamba anaomba Sehemu A na Sehemu B kwa pamoja.

Simu hiyo inaweza kufanyika kwa Kiswahili. Social Security hutoa mkalimani bila malipo, na hospitali zinazopokea fedha za serikali zina wajibu huo huo. Mwombaji aseme neno moja tu, «Swahili», kisha asubiri kwenye laini. Namsihi kila mzazi asimgeuze mtoto wa shule kuwa mkalimani wa mambo haya. Mtoto hana maneno ya bima wala ya tiba katika lugha yoyote kati ya mbili anazozijua, na si haki kumbebesha habari kwamba mama yake anaweza kufa. Anayepiga simu aandike tarehe, jina la aliyezungumza naye na alichoambiwa, kwa sababu majibu ya ofisi hizi hutofautiana na kumbukumbu iliyoandikwa ndiyo inayosaidia kukata rufaa.

Aliyechelewa asikate tamaa: maombi yanaweza kurudishwa nyuma hadi miezi 12, ikiwa wakati huo alikuwa tayari anastahili.

Bima inaanza lini

Tuchukue mfano wa mtu aliyeanza kusafishwa damu kituoni tarehe 10 Machi 2025. Medicare yake inaanza siku ya kwanza ya mwezi wa nne wa kusafishwa damu, yaani tarehe 1 Juni 2025. Lakini akianza mafunzo ya kujisafishia damu nyumbani kabla ya mwezi wa tatu wa kusafishwa damu kwisha, katika programu iliyoidhinishwa, bima inahesabiwa tangu tarehe 1 Machi. Miezi hiyo mitatu ni bili kubwa mno kwa mtu asiye na bima nyingine, kwa hiyo kama daktari anaona nyumbani kunafaa, mazungumzo hayo yafanyike mapema.

Anayepandikizwa kabla hajaanza kabisa kusafishwa damu, jambo ambalo kitabibu ndilo bora akipatikana ndugu wa kuchangia, bima yake huanza mwezi anaolazwa katika hospitali iliyoidhinishwa, ilimradi upasuaji ufanyike mwezi huo au ndani ya miezi miwili inayofuata. Upasuaji ukiahirishwa zaidi ya hapo, bima huanza miezi miwili kabla ya mwezi wa upasuaji.

Sehemu A na Sehemu B zinalipa nini

Sehemu A hulipia hospitali: kulazwa, vipimo vya maabara vya mgonjwa na vya mchangiaji, ada ya kuandikishwa kwenye orodha ya kitaifa, na gharama za kuitafuta figo. Kwa mwenye historia ya kazi haina ada ya kila mwezi. Akilazwa, mwaka 2025 alitakiwa atangulize dola 1,676, kisha Medicare ikabeba siku 60 za mwanzo.

Sehemu B hulipia madaktari, kliniki na dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, kama takrolimasi na mikofenoleti. Ada yake ya kawaida mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi, na mgonjwa alitanguliza dola 257 kwa mwaka. Baada ya hapo Medicare hulipa asilimia 80 ya bei iliyoidhinishwa na mgonjwa hubakiwa na asilimia 20, ambayo haina kikomo. Kama bei ya dawa za mwezi mmoja ni dola 600, mgonjwa analipa 120, mwezi hadi mwezi, na hapo ziara za daktari na vipimo vya damu havijaingia. Dawa nyingine, kama za presha na kisukari, ziko Sehemu D, ambayo tangu mwaka 2025 ina kikomo cha kile anachotoa mgonjwa mfukoni. Mwaka huo kilikuwa dola 2,000.

Kuna kanuni ambayo naomba isomwe polepole. Sehemu B italipia dawa za kulinda figo ikiwa tu mgonjwa alikuwa na Sehemu A wakati wa upandikizaji, na upandikizaji huo ulifanyika katika hospitali iliyoidhinishwa na Medicare. Aliyepandikizwa kwa bima ya kazini peke yake, akaona hana haja ya Medicare, kisha akapoteza kazi miaka miwili baadaye, atakuta mlango huu umefungwa. Hata mwenye bima nzuri ya kazini ahakikishe Sehemu A yake inahesabika mwezi wa upasuaji. Haimgharimu chochote kila mwezi.

Kwa mwenye bima ya kazini

Kwa miezi 30 tangu mgonjwa anapoanza kustahili Medicare, bima ya kazini hulipa kwanza na Medicare hulipa ya pili. Muda huo unaanza kuhesabiwa hata kama hajajiandikisha. Mtu wa mfano wetu wa Machi 2025 atakuwa katika kipindi hicho tangu Juni 2025 hadi Novemba 2027, na tangu Desemba 2027 Medicare ndiyo itakayotangulia.

Hapa watu hujiuliza kama inafaa kulipa ada ya Sehemu B kila mwezi na huku kazini wanakatwa. Jibu linategemea bima ya kazini inamwachia mgonjwa kiasi gani. Ikiwa inamwachia maelfu ya dola kwa mwaka, kuwa na zote mbili kunamlipa. Kisichofaa kabisa ni kuchukua Sehemu A na kuikataa B. Aliyefanya hivyo, akitaka B baadaye, kwa kawaida husubiri dirisha la kuanzia tarehe 1 Januari hadi 31 Machi na huongezewa asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 aliyochelewa. Anayetaka kusubiri ni afadhali asubiri kwa zote mbili, kisha aziombe zote mbili upandikizaji unapokaribia. Uamuzi huu usifanywe kwa ushauri wa wafanyakazi wenzake wa zamu. Ufanywe pamoja na mratibu wa fedha wa kitengo cha upandikizaji, ambaye kila hospitali ya aina hii inaye.

Asilimia 20 inayobaki

Hospitali haitamweka mgonjwa kwenye orodha kabla ya kuuliza atazilipiaje dawa baada ya upasuaji. Swali hilo huwaumiza watu, kana kwamba maskini anapimwa kama anastahili kuishi. Lakini lina jibu, na jibu hilo huandaliwa kabla ya siku ya mahojiano. Mwenye kipato kidogo aombe Medicaid ya jimbo lake, ambayo inaweza kuibeba asilimia 20 pamoja na ada ya Sehemu B. Aliyezidi kidogo kiwango cha kipato aulize kama jimbo lake linaruhusu kuondoa gharama za matibabu katika hesabu ya kipato, na aulize pia kuhusu mipango ya kusaidia ada za Medicare, kwa kuwa viwango vyake viko tofauti. Bima za nyongeza ziitwazo Medigap sheria ya serikali kuu haizilazimishi kumpokea aliye chini ya miaka 65. Majimbo kadhaa yanazilazimisha, mengine hapana.

Tangu Januari 2021 mgonjwa wa figo anaruhusiwa pia kujiunga na Medicare Advantage, inayoendeshwa na makampuni na yenye kikomo cha gharama za mwaka. Kabla ya kusaini, aulize kampuni kwa jina kama hospitali yake ya upandikizaji na daktari wake wa figo wako ndani ya mtandao wao. Anayekuja nyumbani kuuza bima hiyo kwa tabasamu hatakuwepo siku hospitali itakaposema haimpokei. Kwa anayesafishwa damu bado, American Kidney Fund husaidia kulipa ada za bima, na maombi hupitia kwa ofisa ustawi wa jamii.

Mchangiaji

Ndugu anayetoa figo halipi kitu kwa matibabu yake. Medicare ya mpokeaji hubeba uchunguzi, upasuaji, kulazwa na matatizo yatokanayo na upasuaji huo, bila mchangiaji kutanguliza chochote wala kuachiwa asilimia yoyote. Kama bili imemfikia, asilipe. Airudishe kwa mratibu wa hospitali. Medicare hailipi nauli, malazi wala mshahara unaopotea. Kwa hayo kuna kituo cha kitaifa cha kuwasaidia wachangiaji hai, National Living Donor Assistance Center, kinachopima kipato cha mpokeaji, nacho ni kwa raia na wakaazi halali wa Marekani. Maombi yake hutangulia safari, kwa hiyo tiketi isinunuliwe kabla ya jibu.

Mara nyingi ndugu anayefanana damu yuko Bukavu, Kigoma au Mombasa. Hospitali hutoa barua ya kupeleka ubalozini kwa ajili ya viza ya matembezi na matibabu. Barua hiyo ieleze undugu wao, tarehe ya miadi na nani anabeba gharama za upasuaji. Vipimo atakavyofanyiwa huko nyumbani Medicare haivilipi, basi familia ijipange kwa vipimo hivyo, tiketi na miezi miwili mitatu ya kukaa. Kumlipa mtu kwa kutoa figo ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1984, lenye kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi dola 50,000. Kumrudishia nauli, malazi na mshahara aliopoteza kunaruhusiwa.

Wapo wanaofikiria kwenda India kwa kuwa bei iko chini na ndugu hahitaji viza ya Marekani. Nawaelewa. Lakini wajue kwamba Medicare haitalipia upasuaji huo, na wakirudi Sehemu B haitazilipia dawa za kulinda figo kwa kuwa upandikizaji haukuwa wa Medicare. Itabidi waitegemee Sehemu D au mfuko wao, kwa maisha yote ya figo hiyo.

Kwa anayengojea figo ya marehemu, muda wa kungoja huhesabiwa tangu siku alipoanza kusafishwa damu, hata kama aliandikishwa baadaye. Tena, kwa kuwa kipimo cha zamani cha figo kilizionyesha figo za watu Weusi kuwa nzima kuliko zilivyokuwa, tangu Januari 2023 hospitali zote zilitakiwa kupitia upya majalada na kuwarudishia muda wao. Mwafrika aliye kwenye orodha aulize kama jalada lake lilipitiwa. Muda uliorudishwa unampunguzia miezi ya bili.

Baada ya miezi 36

Medicare iliyotolewa kwa sababu ya figo pekee hukoma miezi 36 baada ya mwezi wa upandikizaji. Aliyepandikizwa Septemba 2026 atakoma mwisho wa Septemba 2029, isipokuwa amefika miaka 65 au anastahili kwa ulemavu. Mwili hausahau kwamba figo si yake, na dawa zinaendelea kila siku baada ya tarehe hiyo. Kwa miaka mingi wagonjwa walikuwa wakipunguza vidonge ili vifike mwisho wa mwezi, figo ikafa, nao wakarudi kwenye mashine ambayo Medicare hiyo hiyo iliilipia kwa bei kubwa zaidi. Sheria ya Desemba 2020 iliurekebisha uovu huo. Tangu tarehe 1 Januari 2023 ipo bima iitwayo Sehemu B-ID, inayolipia dawa za kulinda figo tu, bila daktari wala hospitali, kwa ada ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 110.40 kwa mwezi, na mgonjwa hubakiwa na asilimia 20 ile ile. Mwenye bima ya kazini, ya soko la bima la serikali, ya jeshi, au Medicaid inayolipia dawa hizo haruhusiwi kuichukua.

Kujiandikisha hakuna msimu: namba ni 1-877-465-0355, au fomu CMS-10798, na mwombaji hutamka kwamba hana bima nyingine. Akiipata bima nyingine baadaye anatakiwa aiarifu Social Security ndani ya siku 60, na akiipoteza anaweza kurudi B-ID bila faini. Simu ipigwe mwezi wa 33, huku akimwomba daktari aandike dawa za siku 90 kabla Sehemu B haijakoma, ili kabati lisiwe tupu wakati karatasi zinashughulikiwa.

Na figo ikishindwa kazi, Mungu aepushe, Medicare hurudi mara moja bila kusubiri tena mwezi wa nne wa kusafishwa damu. Anayeanza upya kusafishwa damu au kupandikizwa mara ya pili hupeleka maombi mapya, na kituo hujaza CMS-2728 mpya.